Wanawake Wasiotaja Mwezi

Jumapili, 12 Oktoba 1997. Garissa

Nimehamia chumba cha uani kwa Mama Qali, mjane mwenye duka la vitambaa. Daftari hili nimelinunua leo kwa sababu huku sina wa kupiga naye soga. Mama yangu Mombasa alinionya nilipokuwa nafunga mzigo: "Mishi, mdomo wako utakukosesha watu." Haya, mdomo naufungia humu.

Joto la hapa si mchezo. Kila mtu anasema mvua ya mwaka huu itakuwa na mambo. Mie natazama juu, sioni hata wingu la kusingizia.

13 Oktoba

Kazi yenyewe ndiyo hii. Shirika lina kliniki za wajawazito kwenye kambi za Dadaab. Kadi ya kila mama inaletwa hapa Garissa, karani anaichapa kwenye kompyuta: jina, umri, mtaa wa kambi, uzazi uliopita, kama aliwahi kupasuliwa, mimba iko mwezi wa ngapi. Mimi nimeletwa niandike programu ya kuzitafuta habari hizo.

Mkuu wetu ni Daktari Kerrow, mtu wa Elwak, mpole, hacheki ovyo. "Leo nitataka waliowahi kupasuliwa," akaniambia. "Kesho nitataka wasio na damu ya kutosha, wa kambi ya Hagadera peke yao. Kesho kutwa vyote pamoja. Sitaki kila mara nikuite."

Kisha akafunga mlango akanipa sababu ya pili. Mwaka jana alichagua mwenyewe kina mama wa kuletwa hospitali, ukoo mmoja ukamjia juu kwamba anapendelea watu wake. Ilikaribia kumtoa kazini. "Kompyuta haina ukoo," akasema. Hilo nililipenda.

16 Oktoba

Naandika kwa Perl, lugha ya programu. Swali la namna hii huliandiki likakaa; linajengwa kila linapoulizwa. Kwenye skrini kuna visanduku. Ukijaza kisanduku cha umri, sharti la umri linaongezwa. Ukikiacha kitupu, haliongezwi. Masharti yakishakusanyika, Perl inayaunga kwa NA au kwa AU baina yake, na swali linapelekwa kwenye hifadhidata.

Leo karani wetu, Guled, amebonyeza bila kujaza kitu. Programu ikaandika "ambapo", neno la kutanguliza masharti, kisha ikakosa la kusema, ikaanguka kifudifudi. Nimeirekebisha: pasipo sharti, pasiwe na "ambapo". Nilijisifu mchana kutwa. Guled akasema tu, "Sasa inafanya kazi," akarudi kwenye kadi zake.

21 Oktoba

Huyu Guled ni mtu wa Bute, ana miaka thelathini hivi, shati lake halina kunyanzi hata saa tisa mchana. Ukimtania anakutazama. Nimesikia kwa Mama Qali kwamba ameoa. Nikamuuliza: "Kumbe una mke, Guled? Mbona unamficha kama mali ya wizi?"

"Yuko kwa mama yake, abaayo." Dada, yaani, kwa Kisomali. Basi, hakuongeza neno. Ana kiburi, huyo. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

26 Oktoba

Mvua.

27 Oktoba

Mvua. Stima imekatika, tunatumia jenereta.

3 Novemba

Mvua. Choo cha uani kimefurika. Mto Tana una rangi ya matope na unakokota miti mizima. Mama Qali amehamishia marobota ya vitambaa juu ya kitanda chake, yeye analala kwenye mkeka.

9 Novemba

Nimemkosea Mama Qali, na chakula cha mchana kikatuharibikia. Binti yake Sahara ni mjamzito, tumbo linaonekana hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nikamuuliza kwa nia njema: "Mwezi wa ngapi sasa, mwanangu?" Sahara akainama. Mama yake akaweka sahani chini.

"Mishi, hiyo hapana uliza. Mwezi ni wa Mungu na wa mama yake. Unataka jicho lisikie?"

Nikasema kwetu pwani pia jicho lipo, lakini kliniki tunakwenda, tunaulizwa, tunajibu. "Kliniki ataulizwa," Mama Qali akasema, "naye atasema Ilaahay baa og." Mungu ndiye ajuaye. Nimeomba radhi, lakini moyoni nilikasirika, maana kuuliza si ujinga.

14 Novemba, Ijumaa

Barabara ya Dadaab imekatika. Ya Nairobi nayo. Tumo kisiwani, sisi na mbu.

Daktari amepata helikopta ya misaada itakayotua Hagadera kila hali ya hewa ikiruhusu, ibebe kina mama wachache iwalete hospitali hapa. Wachache ni wachache. Alitaka wenye hatari waliokaribia kujifungua: mimba ya mwezi wa saba kwenda juu, NA waliowahi kupasuliwa au kuzaa mtoto maiti, au wasichana wadogo mno. Nikajaza visanduku, nikabonyeza, majina yakatoka kabla hajamaliza kufuta miwani. Akayatia sahihi. Akaagiza Hagadera wasipokee jina lolote nje ya hayo, lisije likazuka neno la ukoo tena.

Guled akayasoma kwenye redio, moja moja, akiyarudia mara mbili. Fatumo, mkunga mkuu wa Hagadera, akayaitikia upande wa pili. Nilikaa pale nikasikiliza majina yanayotoka kwenye swali langu yakivuka maji yote yale. Sijawahi kuipenda kazi yangu namna hii.

16 Novemba

Helikopta imefika! Nimekwenda hospitali kuwaona. Mama mmoja alipasuliwa jioni ile ile, mtoto wa kiume, mzima. Daktari akanipa mkono. "Kompyuta imesema kweli," akasema. Nami, Mungu anisamehe, nikajibu: "Kompyuta haisemi uongo, Daktari."

22 Novemba

Mvua. Orodha ya pili imekwenda.

Guled amenishangaza. Alipomaliza kusoma majina hakuinuka. Akauliza, bila kunitazama: "Abaayo Mishi, hii kompyuta ikiacha mtu, maana yake imemuona, ikaona anaweza kungoja?"

Nilikuwa na homa, jenereta inapiga kelele, nimekula maharagwe siku ya nne mfululizo. "Kompyuta haiachi mtu, Guled," nikamwambia. "Anayestahili inamtoa. Asiyestahili haimtoi. Ndiyo kazi yake."

"Sawa," akasema. Akafunika redio kwa kitambaa chake.

30 Novemba

Mvua. Mbuzi wanaharibu mimba na kufa mabondeni, na watu wa pembezoni wanaugua pia. Hakuna anayekula nyama. Orodha ya tatu. Guled ameisoma sauti ile ile, kama msoma habari. Nimemwambia Mama Qali kwamba yule mtu hana moyo. Mama Qali akasema, "Wewe unajua moyo iko wapi?"

6 Desemba

Leo nitaandika yote.

Asubuhi Guled alikwenda kutafuta dizeli, nikabaki na redio. Fatumo akaita. "Garissa, Garissa, hapa Hagadera. Mbona Idil hayumo tena? Mara ya tatu hii."

"Idil yupi?" nikauliza.

"Idil ya Guled! Mke ya huyo karani yenu. Mtoto wa kwanza alipasuliwa, mtoto akatoka maiti. Sasa tumbo imeshuka, mimi nimemshika na mkono yangu, siku zake ni chache. Watu wa helikopta nimewaambia, wakasema jina hakuna kwa karatasi. Mimi nikafikiri orodha ya pili atakuja. Nikafikiri ya tatu. Over."

Nilijibu nini sikumbuki. Nilikwenda kwenye mashine nikamtafuta kwa jina. Alikuwamo. Umri upo, mtaa upo, kupasuliwa: ndiyo, mtoto maiti: ndiyo. Kisanduku cha mwezi: kitupu.

Nikakaa. Nilijua, nilijua mara moja, na bado nikajaribu kujidanganya. Nikaliuliza swali lile lile nikiwa nimeondoa sharti la mwezi. Majina yakamiminika, yakajaza skrini, yakapita. Wanawake waliopasuliwa, waliozaa maiti, wasichana wa miaka kumi na sita, wote mwezi mtupu. Wameulizwa kliniki, wakasema Ilaahay baa og, na aliyeshika kalamu akaiacha nafasi.

Kwenye hifadhidata, patupu si sifuri. Ukiuliza, "Je, patupu ni saba au zaidi?" haisemi ndiyo wala haisemi hapana. Inasema sijui. Na anayejibiwa sijui haletwi. Hili si fumbo, nilifundishwa mwaka wa pili chuoni. Nilijali kisanduku kitupu cha anayeuliza; cha aliyeulizwa sikukijali. Na Mama Qali aliniambia mezani kwake, kwa maneno mepesi, na mimi nikanuna.

Guled akaingia na dumu la dizeli. Nikamrukia kama aliyekosa ni yeye.

"Kwa nini hukuniambia Idil ni mkeo? Kwa nini unasoma majina mara tatu na lake halimo, unanyamaza?"

Akaweka dumu chini polepole. "Nikuambie nini, abaayo? Toa mama wa mtu, weka wangu? Daktari aliitwa mwizi kwa sababu ya jambo hilo. Kila kadi nachapa mimi. Nikitia neno, watu watasema karani amepeleka mke wake." Akapangusa mikono kwenye suruali, yeye asiyevumilia doa. "Nilikuuliza. Ulisema haiachi mtu. Nikasema basi, imemuona, zamu yake bado."

"Haikumwona," nikamwambia. "Guled, haikumwona kabisa. Ni mimi niliyekosea. Hakutaja mwezi, na swali langu likampita."

Nilitamani anitukane. "Hangetaja," akasema mwishowe. "Yule wa kwanza tulimtangaza mapema, watu wakaja na maziwa. Akafa. Huyu hata mimi hakuniambia mwezi. Nilihesabu mwenyewe." Kisha, kwa sauti ya kazini: "Inarekebishika?"

Ilirekebishika. Hilo ndilo linaloniuma. Maneno machache tu, mabano na AU: mwezi wa saba kwenda juu, AU mwezi haukuandikwa. Nimepika chai nyakati nyingine kwa muda mrefu kuliko huo. Daktari alipoiona orodha mpya, alivua miwani, akasema, "Na mimi niliitia sahihi." Akaamuru Fatumo awapime wote kwa mkono leo leo. Jina la kwanza kabisa Guled alilolisoma redioni lilikuwa la mkewe. Hapo ndipo sauti ilimwishia. Nikamalizia mimi, nikikosea matamshi, na Fatumo akinisahihisha kwa upole.

7 Desemba

Mvua. Helikopta haikuruka.

8 Desemba

Imeruka, imerudi tupu. Uwanja wa kutua Hagadera umefunikwa na maji, na upepo uliwazuia kuteremsha kamba. Rubani alisema alimwona Fatumo amesimama na kina mama kwenye mwinuko, wamejifunika turubai.

Guled hali chakula. Nimemletea maziwa ya ngamia kutoka kwa Mama Qali, akayashika mkononi mpaka yakapoa. Namwomba Mungu kwa maneno ambayo sijayatumia tangu utotoni.

9 Desemba

Uchungu umemwanza Idil alfajiri. Fatumo anasema kidonda cha zamani kinauma kuliko uchungu wenyewe. Daktari yuko redioni anamwelekeza. Mvua.

10 Desemba

Idil amefariki, na mtoto naye. Wa kike.

Fatumo alisema kwa Kisomali, na Guled ndiye aliyeshika redio. Alisema "innaa lillaahi" mpaka mwisho wake, bila kukatika. Akauliza kitu, akajibiwa. Kisha akafunika redio kwa kile kitambaa, akaenda kusali. Amezikwa mchana Hagadera, mume yuko huku, maji katikati.

12 Desemba

Maji yamepwa uwanjani. Helikopta imeleta kina mama wanne wa ile orodha ya mwezi mtupu. Mmoja ni msichana anayeitwa Yurub, miaka kumi na sita, alikuwa anaanza kifafa cha mimba. Atapona. Mama yake alinibusu mkono hospitalini, nikauchomoa kama nimeguswa na moto.

15 Desemba

Guled amerudi kazini. Shati limepigwa pasi. Anachapa kadi. Mwezi ukiwa mtupu ananiita, "Abaayo, mtupu huyu," nami nainuka kuhakikisha ametokea kwenye orodha. Hatuzungumzi jambo jingine.

Nimemwambia Daktari nitaondoka. Akasema, "Uende wapi? Aje mwingine asiyejua?" Nimebaki.

29 Desemba

Watu wamepiga kura, wengine hawakufika vituoni kwa maji. Mvua kidogo.

31 Desemba

Ramadhani imeingia. Sahara amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mama Qali alinigongea mlango akaniita nimshike. Nililia sana mbele yao, wakaniacha nilie.

11 Januari 1998

Jua.

24 Januari. Hagadera

Barabara imefunguka kwa malori. Guled alipata nafasi kwenye lori la unga kwenda kumzuru mkewe kaburini na kumwona mkwewe. Nikamwambia naomba niende naye. Hakuuliza kwa nini. Tulisafiri tumefunga, lori likizama kwenye tope na kutolewa.

Mama yake Idil anaitwa Jawahir. Anauza chai sokoni Hagadera. Mwezi huu wa mfungo meko yake yamezimwa. Kibanda chake kina alama ya maji ya mafuriko ukutani, kimo cha goti. Alimkumbatia Guled, wakakaa hivyo. Mimi nilisema "samir iyo iimaan", yale maneno ya rambirambi niliyofundishwa na Mama Qali, akaniitikia na kunitandikia mkeka.

Nilikuwa nimejiandaa tangu Desemba. Mama Jawahir hajui Kiswahili cha kutosha, basi nikamwambia Guled: "Nitafsirie, tafadhali, neno kwa neno." Kisha nikamgeukia yule mama.

"Mama, mimi ndiye niliyeandika programu ya kompyuta iliyochagua majina. Mwanao alistahili kuwa wa kwanza. Hakutaja mwezi, na mimi sikufikiria kwamba kuna mwanamke asiyetaja mwezi. Kompyuta ikampita mara tatu. Kosa ni langu. Nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu, na nikuombe radhi."

Guled alitazama mkeka. Mama Jawahir akamgusa goti. Ndipo akasema. Alisema kwa ufupi, sauti ya chini. Nilisikia "Idil", nilisikia "Ilaahay". Kisomali changu ni cha salamu na cha sokoni, lakini neno moja nililingoja, nalo ni lile lile katika lugha zote mbili. Hakutamka kompyuta.

Mama Jawahir akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu. Machozi yalimtoka. Alikuwa ananishukuru.

Tulipotoka kwenda makaburini nikamshika Guled mkono wa shati. Nilikuwa na hasira, wallahi, hasira na aibu pamoja. "Ulimwambia nini?"

"Nilisema wewe ni mwenzangu kazini. Nilisema ulimtafuta Idil mpaka mwisho, lakini Mungu alikuwa ameandika."

"Mimi sikukuomba unifiche!"

"Sikukuficha wewe." Alisimama. Punda na mkokoteni wa kuni vikatupita, akangoja vipite. "Abaayo, Mungu akichukua mtu, unakubali, basi. Hakuna kazi nyingine. Lakini mtu akikosa, yule aliyekosewa lazima asamehe au asisamehe. Ni kazi, hiyo. Kubwa. Yule mama hajalala tangu Desemba. Umekuja umechoka na mzigo wako, unataka umwekee yeye kichwani."

Maneno hayo ningali nayarudia, hata sasa ninapoandika haya kwenye chumba cha wageni cha kliniki.

"Siku akiweza, nitamwambia mwenyewe," Guled akasema. "Na ile ya kwangu pia nitamwambia, kwamba nilisoma majina mara tatu nikanyamaza. Wewe usije kabla sijakuita."

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe unajua yote."

"Mimi najua," akasema.

Nilingoja aseme kama amenisamehe au hajanisamehe. Akaanza kutembea mbele yangu kati ya miiba, akinionyesha pa kukanyaga ambapo ardhi imekauka, mpaka tukafika kwenye kaburi, na dogo lililo ubavuni mwake.